Barua ya kufunga shule iko wapi? Wazazi wa sekondari hapa Dodoma, tukumbushane kabla ya Januari

Mama Cherehani (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Wenyeji wenzangu, mbukwenyi.

Mimi ni fundi cherehani pale Majengo, nashona sare za shule kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Nina watoto watatu. Kaka mkubwa ameshafanya mtihani wa kidato cha nne, binti amefanya upimaji wa kidato cha pili, na kitinda mimba wangu amemaliza la saba. Kwa hiyo mwisho wa mwaka huu umenikuta nyumbani kwangu kwa milango mitatu, na ndiyo maana nimeona nisikae kimya.

Naomba leo, kabla hujalala, umwombe mwanao barua ya kufunga shule. Usimuulize "mmeambiwa nini?" maana atakujibu "hamna". Omba karatasi yenyewe, uishike mkononi.

Nasema hivi kwa sababu ya lililonikuta Januari iliyopita. Binti alifunga shule Desemba akaja na begi, akalitundika nyuma ya mlango, tukaingia kwenye sikukuu. Nilikuwa na oda za watu hadi saa nne usiku. Tarehe za mwanzo za Januari mvua ilinyesha, bati letu lina tundu upande ule, begi likalowa. Nikatoa madaftari niyaanike juani. Ndani ya daftari la fizikia kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne, wino umeanza kutawanyika. Ilikuwa imeandikwa siku ya kufungua, mchango wa chakula, rimu moja ya karatasi, fomu ya afya ya kujazwa na daktari, na kwamba atakayechelewa aje na mzazi. Shule ilikuwa imefunguliwa siku mbili kabla. Mahindi sikuwa nayo, daktari sijamwona, na sketi ya mtoto wangu mwenyewe ilikuwa haimtoshi kiunoni. Mimi, niliyeshona sketi za watoto wa watu mwezi mzima.

Alirudi shule wiki ya tatu. Siku hizo zote alikaa kibandani ananisaidia kufunga vifungo, na kila mtoto wa sare akipita barabarani aliinamisha kichwa. Ile sura sitaki kuiona tena kwa mwanangu wala kwa mwana wa mwenzangu.

Sasa nisemee ninachokiona kazini, maana meza ya fundi huona mengi. Wazazi wengi hatushindwi na ada. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa tangu Januari 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Kabla ya hapo ilikuwa 20,000 kwa kutwa na 70,000 kwa bweni kwa mwaka. Mwaka 2022 ikafuata ya kidato cha tano na cha sita. Tunachoshindwa nacho ni vile vidogo vidogo vinavyokuja kwa pamoja ndani ya siku kumi: sare, viatu, kaunta buku, nauli, godoro kwa anayekwenda bweni, debe la mahindi. Kimoja kimoja unakimudu. Vikija vyote pamoja, baada ya pilau na nguo za Krismasi, na shamba linadai mbegu, ndipo mtu anakuja kibandani tarehe ishirini Januari akiwa na kitambaa mkononi na macho mekundu.

Kwa sare, nawaambia kama fundi. Mlete mtoto apimwe Desemba, si Januari, maana Januari foleni ni ndefu na fundi akiharakishwa marinda hayakai. Mwambie fundi aache pindo refu chini la kushushwa, na akiba kwenye mishono ya ubavuni. Mtoto wa miaka kumi na tatu anarefuka ukiwa unamtazama. Na usinunue kitambaa kabla hujaona rangi iliyoandikwa kwenye fomu ya shule. Kijani zipo nyingi, bluu zipo nyingi, na shule haikubali "inafanana". Mwaka jana kuna baba alitoka Chemba na mita nne za kitambaa cha rangi isiyo yenyewe. Nilishindwa hata kumwangalia.

Kwa waliomaliza la saba, majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza hutangazwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia shule hizi, kwa kawaida Desemba hii hii. Unafungua tovuti yao, unachagua mkoa, halmashauri, kisha shule ya msingi aliyosoma. Ukishaona shule aliyopangiwa, tafuta fomu ya kujiunga siku hiyo hiyo, usisubiri kuletewa.

Na jambo ambalo watu hawalisemi: majina. Linganisha jina lililo shuleni na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Huyu kaka mkubwa shuleni aliandikwa kwa jina la babu yake, kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA lipo la baba. Tuligundua akiwa kidato cha tatu, tukahangaika, lakini tuliwahi. Jina lililosajiliwa kwa ajili ya mtihani ndilo litakalochapwa kwenye cheti chake cha Baraza la Mitihani, na cheti hicho ataishi nacho. Baadaye kuna kuomba mkopo wa chuo, kuna kitambulisho cha taifa cha NIDA, kote huko wanalinganisha majina.

Nimesema mengi. Ongezeni niliyosahau, hasa walimu mliomo humu.

Baba Kongwa

Dada yangu, naunga mkono hoja kwa asilimia zote. Naomba niwasemee wa vijijini.

Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba, zinakwisha Aprili. Mavuno ni Mei na Juni. Kwa hiyo Januari ndiyo mwezi ambao ghala liko tupu kuliko miezi yote, na ndiyo mwezi ambao shule inadai mahindi. Anayeuza mahindi yote soko la Kibaigwa mwezi wa saba, mwezi wa kwanza anayanunua yale yale kwa bei ya juu apeleke shuleni.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Siku hizi nikivuna naweka magunia mawili pembeni, nayafunga mdomo, na mke wangu anajua hayo ni ya shule, hata akija mgeni hayaguswi. Nina pia beberu mmoja ambaye kila mwaka namnenepesha kwa ajili ya Desemba. Anapelekwa mnadani mapema Desemba, watu wakiwa wanatafuta kitoweo cha sikukuu. Ukimpeleka Januari, wote mmepeleka, mnunuzi anajitajia bei anayotaka.

Mwalimu Chaki

Nimefundisha sekondari miaka kumi na minne katika mkoa huu. Ahsante mama kwa uzi huu. Niseme upande wetu.

Ile barua inaambatana na ripoti ya maendeleo. Chini ya ripoti kuna kipande cha mzazi kuandika maoni na kusaini. Januari nikikusanya, zaidi ya nusu ya darasa langu vinarudi vitupu, na vingine vimesainiwa kwa mwandiko wa mwanafunzi mwenyewe, naujua maana namsahihishia kila wiki. Mzazi, andika hata sentensi moja. Andika "mwanangu anasema haoni ubaoni", nitamhamishia kiti cha mbele. Nilikuwa na kijana aliyepata F ya hesabu mihula miwili. Mama yake akaandika kwenye kipande kile kwamba nyumbani anasoma kitabu akiwa amekiweka karibu na pua. Kumbe macho. Alipopata miwani alianza kuinua mkono darasani.

Kwa hiyo likizo hii, kama unaweza, mpeleke mtoto akapimwe macho na meno. Fomu ya afya inayokuja na maelekezo ya kujiunga nayo ijazwe sasa, hospitali ya serikali au kituo cha afya. Wiki ya kufungua shule foleni yote ni ya watoto wa shule.

Matokeo. Ya kidato cha pili na cha nne kwa kawaida hutoka Januari, na yanaangaliwa bure kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Hakuna mtu wa kulipwa ili akuoneshe, na anayekupigia simu akasema anaweza kuyabadilisha ni tapeli, kata simu. Mwombe mwanao namba yake ya mtihani uiandike mahali, maana utaitafuta kwa namba ndani ya shule yake.

Wengi wananiuliza maana ya pointi. A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, F ni 5. Wanachukua masomo saba aliyofanya vizuri zaidi wanajumlisha. 7 hadi 17 ni daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, 26 hadi 33 la nne, 34 na 35 ni sifuri. Mtoto mwenye D mbili na F tano ana 33, ameponea kwenye ukingo kabisa. Akiwa wa kidato cha pili anavuka kwenda cha tatu, lakini asiachwe akashangilia akalala. Huyo anahitaji mzazi aje shuleni Januari tuongee.

KijanaWaVeyula

Shikamoo mama. Shikamoo mwalimu.

Mimi nimemaliza kidato cha nne mwaka huu. Nauliza kwa niaba ya wenzangu, huu muda wa kusubiri tufanye nini? Nyumbani wanasema nimeshamaliza, nikatafute kibarua, rafiki zangu wanaenda masomo ya maandalizi ya kidato cha tano. Sina hela ya masomo hayo.

Mwalimu Chaki

Marahaba kijana.

Kibarua si kibaya, kifanye, ila usikiache kikumeze. Kidato cha tano kinaanza Julai, kwa hiyo una miezi mingi.

La kwanza, hifadhi nywila yako ya Selform, ule mfumo wa mtandaoni wa kuchagua masomo na vyuo. Ukipoteza utahangaika. Baada ya matokeo, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha tahsusi, yaani mkusanyiko wa masomo ya kidato cha tano, na vyuo. Mwaka 2024 tahsusi ziliongezwa zikafika 65, kwa hiyo si zile chache walizosoma kaka zako. Ukiona ufaulu wako umeegemea upande usioutarajia, badilisha. Kila mwaka napata kijana aliyefaulu Jiografia na Kiswahili vizuri, akakaa kimya na tahsusi ya sayansi aliyojaza akiwa anafuata marafiki. Na ukumbuke, ili ufikiriwe kidato cha tano unahitaji angalau C tatu, na masomo ya dini hayahesabiwi humo.

La pili, vitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao, vitabu vinasomwa bure. Nusu saa kila usiku inatosha.

La tatu, vyuo vya ufundi vya VETA. Usiione kama mahali pa walioshindwa. Fundi umeme mzuri hapa Dodoma, kwa ujenzi huu unaoendelea Mtumba, Nala na Ihumwa, hakai nyumbani.

Mama wa Ilazo

Jamani, mimi nina jambo la michango. Shule ya mwanangu waliandika orodha ndefu, kuna fagio, jembe, ndoo, rimu, hela ya mlinzi, hela ya mtihani wa majaribio. Elimu bila ada maana yake nini sasa?

Baba Kongwa

Dada, swali lako ni la wengi.

Nilikuwa kwenye bodi ya shule kwetu kwa muda. Waraka wa elimu bila malipo wa 2016 ulimwachia mzazi majukumu yake: sare, madaftari na kalamu, matibabu, nauli, chakula cha mtoto wa kutwa, godoro kwa wa bweni. Hayo hayakuondoka. Kinachotakiwa ni kwamba michango mingine ikubaliwe na wazazi kwenye kikao, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu hajachanga. Sasa wengi wetu kikao hatuendi. Wanakuja watu ishirini kati ya wazazi mia nne, hao ishirini wanapitisha, halafu mia tatu na themanini tunalalamika kibarazani. Nenda kikaoni. Uliza hela ya mlinzi ya mwaka jana ilitumikaje, uliza kwa adabu, na omba iandikwe kwenye muhtasari. Na ukilipa hela yoyote, lipa kwa namba ya malipo ya serikali au udai risiti. Usimpe mtoto noti mfukoni.

Mama Cherehani (mleta uzi)

Mama wa Ilazo pole. Niongeze moja: kama huna kitu kabisa, nenda kwa mkuu wa shule kabla ya siku ya kufungua, usisubiri mtoto azuiliwe getini. Mimi mwaka ule nilipokwenda na binti wiki ya tatu, nilitetemeka, lakini nilipoeleza nilikubaliwa kupeleka mahindi kwa awamu mbili. Nikajuta kwa nini sikwenda mapema. Na viongozi wamekuwa wakisema kwamba mtoto wa kidato cha kwanza asikose kuripoti kwa sababu ya sare. Aende hata na ile ya shule ya msingi wakati nyingine inashonwa. Mkija kwangu mkiwa mmekwama, nashona, mnalipa polepole. Siwezi kwa wote, ila kwa wachache naweza.

Mkulima wa Zabibu

Niko Mpunguzi. Sisi wa zabibu tunavuna mara mbili, mwezi wa nane mpaka wa tisa hivi, na tena mwezi wa pili au wa tatu. Nilichofanya, hela ya mavuno ya Agosti naigawa siku ile ile ninayolipwa. Tranka na godoro nilinunua Septemba. Muuzaji alinishangaa, akanipunguzia. Januari nilitoa hela ya nauli tu.

Kuhusu tranka, chagueni lenye bati nene na mahali pa kufuli palipounganishwa vizuri. Lile bati laini linabonyea kwenye buti la basi safari ya kwanza, na mtoto anakaa miaka minne na tranka lisilofungika. Andika jina lake kwa rangi ya mafuta, juu na ubavuni.

Mama wa pacha

Nauli pia tuseme. Wanangu wanasoma Morogoro. Wiki ya kufungua shule ukifika stendi ya Nanenane bila tiketi unakutana na wapiga debe na bei za mdomoni. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, wana nauli elekezi kwa kila njia, iulize kabla hujatoka nyumbani, na tiketi iandikwe kiasi ulicholipa. Mwaka huu nawapeleka kwa treni ya SGR, tangu ilipoanza kufika Dodoma Julai 2024 nimepumua. Ila nayo Januari inajaa, kateni tiketi mapema.

Halafu nywele! Binti zetu wanasuka sikukuu, wanapendeza, hamna ubaya. Lakini wafumue na kunyoa siku mbili tatu kabla, si alfajiri ya safari mtoto analia na wembe kichwani.

Mwalimu Chaki

Nimekumbuka mawili.

Mtaala mpya unaingia hatua kwa hatua tangu 2024. Kitabu alichotumia kaka yake huenda kisimfae mdogo wake anayeingia kidato cha kwanza sasa. Kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili ambalo kaka hakulisoma. Ulizeni shule kabla ya kununua vitabu kando ya barabara.

La pili naliandika kwa uzito. Kila Januari daftari langu la mahudhurio linakuwa na mabinti wawili watatu wasiorudi. Mmoja amepelekwa kazi za ndani Dar es Salaam, mwingine ana ujauzito na wazazi wamemficha. Tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu waliokatiza masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Mzazi, usimfungie ndani. Njoo uongee nasi, akijifungua arudi amalizie. Nimefundisha mmoja aliyerudi, mama yake alikuwa akimlea mtoto nyumbani, na binti alimaliza kidato cha nne. Na kwa wanaokwenda kutwa, jueni mwanao anapandaje na kurudi vipi, bodaboda ni ya nani, anavuka korongo lipi. Mvua ikinyesha juu huko, korongo hujaa hata kama kwako kumekauka. Mwambie asivuke, achelewe tu.

Mama wa Ilazo

Mwalimu, umenigusa. Nina mpwa wangu yuko hivyo hivyo, kidato cha tatu, amejifungua mwezi wa tisa. Dada yangu anaona aibu. Nitampeleka mwenyewe shuleni. Je, aende na nini?

Mwalimu Chaki

Aende na wewe au mama yake, cheti cha kuzaliwa, na ripoti yake ya mwisho. Kama hataki kurudi shule ile ile, mweleze mkuu wa shule mapema, uhamisho unapitia kwenye mfumo na wanahitaji namba yake ya PREM, ile ya usajili wa mwanafunzi. Nendeni kabla ya siku ya kufungua, ofisi zikiwa na utulivu. Na nipe taarifa hapa ilivyokwenda, tafadhali.

KijanaWaVeyula

Mwalimu, nywila nimeipata, ilikuwa kwenye karatasi ndani ya Biblia ya mama. Nimeipiga picha.

Mama wa Ilazo

Ahsanteni sana wote. Nimeongea na dada, amelia kwanza, halafu amekubali. Mama Cherehani, mpwa wangu sketi yake haimtoshi tena, ameongezeka mwili. Naweza kumleta ifunguliwe, au tununue kitambaa?

Mama Cherehani (mleta uzi)

Mlete na ile ya zamani, usinunue kitu. Kama mshono una akiba nitaifungua pande zote mbili, kama haina nina vipande vya rangi za shule nyingi, nitaongeza kipande ubavuni ambacho hakitaonekana. Njooni Jumamosi asubuhi kabla ya soko kuchangamka, tukae ndani tumpime kwa utulivu. Aje na viatu atakavyovaa shuleni, urefu wa sketi nitaupima akiwa amevivaa. Na mtoto wake mchanga mje naye, binti yangu atambeba.